Siku sita za kupima Mto Pangani

Siku ya kwanza, Jumatatu

Tuliwasili Pangani kutoka Tanga saa 8 mchana, tukiwa watu wawili wenye mizigo michache: ramani ya wilaya, daftari la jalada gumu, simu mbili, majaketi manne ya kujiokolea na dumu la mafuta. Kwa muda mrefu mimi na wenzangu wa Tanga tumekuwa tukizungumza juu ya mto huu kama njia ya boti za matembezi, na kila mara mazungumzo yameishia palepale, kwa kuwa hakuna miongoni mwetu aliyekuwa na maandishi ya kueleza boti inapita wapi, inakwama wapi na abiria anateremkia wapi. Safari hii tumeifanya ili tuyaandike hayo, na tumechagua mwisho wa kusi, kabla ya vuli, wakati mto una maji machache. Njia inayopitika katika maji haya itapitika mwaka mzima.

Pangani ni mto wa kilomita zipatazo 500. Maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru kupitia Kikuletwa na Ruvu, ambayo hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto huteremka hadi Korogwe na Hale, hupita kwenye maporomoko, kisha hutulia na kupinda kati ya minazi mpaka baharini, mji wa Pangani ukiwa upande wa kaskazini na Bweni upande wa kusini. Sehemu tuliyokusudia kuipima ni hii ya chini, iliyotulia.

Nahodha wetu ni mzee wa Bweni mwenye umri wa miaka 60 na ushei, ambaye amevua katika mto huu na baharini tangu utotoni. Tulimwamkia, akatukaribisha kahawa, kisha akatutoa kwenda kuikagua mashua yake kabla hata hatujamweleza mambo yetu yote. Ni mashua ya mbao ya futi 20, yenye mashine ya farasi 15, makasia mawili na upondo mmoja mrefu. Mjukuu wake ndiye atakayekaa omo, yaani mbele ya mashua, kupima kina.

Bildi ya mzee, yaani uzito wa kupimia kina, haikununuliwa dukani. Ni risasi iliyoyeyushwa na kumiminwa katika shimo la mchanga ikatoka na umbo la ndizi nene, na chini yake kuna kitobo kinachojazwa grisi, ili inapogusa chini ya mto irudi na chembe za mchanga au tope. Kamba yake ni ya katani, yenye fundo moja kwa kila pima (futi 6) na kitambaa chekundu katika kila nusu pima. Nilikuwa nimekuja na mpango wa kununua chombo cha kupimia kwa umeme tutakapopata fedha, na bado nautaka. Lakini chombo hicho hakitaniambia kama chini kuna mchanga unaohama au tope lililokaa, na bildi ya mzee inaniambia.

Jioni tulishuka dikoni, mahali mashua zinapofungwa na kuteremshia watu, maji yakiwa yamejaa, na kila kitu kilionekana chepesi, kwa kuwa mashua zilikuwa sawa na ukingo na mtu angeweza kuingia bila kulowa viatu. Mzee akaniambia, "Mwanangu, njoo palepale kesho saa 4 asubuhi, ndipo utakapoliona diko."

Siku ya pili, Jumanne

Nilikwenda saa 4. Mwezi ulikuwa mpevu juzi, kwa hiyo haya ni maji ya bamvua, ambayo katika pwani yetu hujaa saa 10 alfajiri na saa 10 jioni na kukupwa katikati yake, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Pale ambapo jana mashua zilikuwa sawa na ukingo, leo palikuwa na mteremko wa mawe yenye utelezi, kisha tope. Mama mmoja anayenunua samaki alikuwa akirudi na ndoo kichwani, tope likimfika katikati ya muundi, na kila hatua alikuwa akiutafuta mguu wake kabla ya kuunyanyua. Nilipima kutoka ukingoni hadi mahali mashua ilipoelea, nikapata hatua 31. Mgeni mwenye mtoto mkononi hawezi kwenda hatua 31 za namna ile, na mama huyu hakupaswa kuzizoea.

Nimeandika jambo hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari kwa sababu watu tunaozungumza habari za boti za matembezi hupenda kuanza na boti. Kinachotangulia ni diko: ngazi za mawe au za zege zinazoshuka mpaka kwenye maji yaliyokupwa kabisa, zenye kamba au chuma cha kushikilia, ambazo mvuvi, mchuuzi na mgeni watazitumia kwa haki sawa.

Tuling'oa nanga saa 5 asubuhi maji yalipoanza kuingia. Kivuko kinachovusha watu na magari kati ya Pangani na Bweni kilikuwa katikati ya mto, tukasubiri kipite. Niliitazama kwa makini miteremko ya zege ambako magari hupandia, huku na ng'ambo. Daraja la mita 525 linalojengwa kwa ajili ya barabara ya Bagamoyo, Saadani na Tanga litakapoanza kupitisha magari, kazi ya miteremko hiyo itapungua au itakwisha, na miteremko ya namna hiyo ndiyo hasa inayohitajika kwa kuteremshia boti inayoletwa kwa gari. Ingekuwa hasara kubwa kuiacha ivunjikevunjike halafu miaka kumi baadaye watu watafute fedha za kujenga mingine.

Juu ya mji ukingo ulibadilika kuwa mililana na mikoko, baadaye michu, halafu minazi iliyoinama juu ya maji. Kijana aliita kina bila kuchoka: pima 3, pima 3, pima 2 na nusu. Kila nusu saa nilichota maji kwa kikombe nikayaonja na kuandika. Chumvi ilipungua polepole mno, na tulipofikia mashamba ya minazi nilikuwa bado naisikia ulimini. Mwenye shamba mmoja aliyekuwa akifua nazi ukingoni alitueleza kwamba baba yake alikuwa akinywa maji ya mahali hapo. Maji yanapopungua kutoka juu, kwa kilimo, miji na mabwawa, bahari huingia mtoni zaidi, na yeye ameliona jambo hilo katika minazi yake kabla ya kulisikia kwa mtaalamu yeyote.

Njia hii ya maji si mpya. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa yalikuwa kandokando ya mto huu, na Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapa Pangani mwaka 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Mwaka 1857 Burton na Speke walipanda mto huu kwa mtumbwi kabla ya kushika njia ya miguu kwenda Usambara. Mizigo na watu walikuwa wakipita hapa wakati ambapo hapakuwa na barabara ya maana, na barabara zilipopatikana mto ukaachiwa wavuvi na wenye minazi.

Tulilala katika kijiji cha ukingo wa kusini, kwa jamaa wa nahodha, ambao walitupa wali wa nazi na kambale na kukataa katakata kupokea fedha.

Siku ya tatu, Jumatano

Leo tulipanda juu zaidi asubuhi, dhidi ya mkondo. Mto ulipungua upana, matete yakaingia kutoka pande zote mbili, na maji yakawa baridi (ya kunywa), hayana chumvi hata kidogo. Kina kilikuwa pima 2, kisha pima 1 na nusu, kisha tukaanza kusikia kijana akiita pima moja.

Katika pindo moja la mto mzee alizima mashine bila kusema neno, akachukua upondo. Mbele yetu, hatua kama 60, palikuwa na masikio mawili na pua juu ya maji, halafu vichwa vingine vitatu. Tuliegemea ukingo wa kina kifupi, tukingoja, kwa kuwa kiboko akishtuka hukimbilia maji marefu na ole wake aliyesimama kwenye njia hiyo. Tulikaa pale robo tatu ya saa. Mzee alinieleza kwa sauti ya chini kwamba viboko hao wana saa zao na njia zao za kupandia malisho, na kwamba mtu anayepafahamu mahali hapa hapiti jioni. Niliandika maneno yake yote. Nadhani hakuna boti ya matembezi inayopaswa kupita juu ya pindo hili bila kiongozi mwenyeji, na wala mtu asiruhusiwe kukodi mtumbwi na kwenda peke yake, hata akisema anajua kuogelea. Mamba wapo mto mzima. Hapa hakuna habari ya kuogelea.

Mbele kidogo mkuyu mkubwa ulikuwa umeangukia mtoni na kushika matete na takataka nyingi, ukaacha mlango usiozidi mara mbili ya upana wa mashua yetu. Tungeweza kupenya. Mzee aliutazama mkondo unavyojikunja chini ya matawi, akasema hapana, tukageuza.

Usiku kijijini wazee walizungumza habari ya maji yanayopanda na kushuka bila mvua. Mto ulio chini ya mitambo ya umeme hauendi kwa mvua peke yake. Huenda pia kwa saa za mitambo, na watu wanaoishi ukingoni hulijua hilo kwa kuangalia mahali walipofunga mitumbwi.

Siku ya nne, Alhamisi

Tumekwama, na kosa ni langu.

Tuliondoka kijijini alfajiri ili tushuke na maji yanayotoka. Saa 3 asubuhi tulifika pindo refu la kabla ya mikoko, ambalo Jumanne tulilipita maji yakijaa bila kulitilia maanani. Nahodha alitaka kwenda nje, kando ya ukingo ulioliwa na maji. Mimi nilikuwa nataka kupima upande wa ndani, nikamwomba tupite huko, kwa sababu ramani ya simu ilionyesha njia iliyonyooka zaidi. Aliniuliza mara mbili. Kijana aliita pima moja, kisha nusu pima, kisha bildi ikagonga na mashua ikakaa juu ya mchanga kwa ulaini kiasi kwamba nilidhani tumesimama kwa hiari. Tulishuka, tukasukuma kwa upondo na kwa mabega, lakini maji yalikuwa yakitoka kwa kasi kuliko nguvu zetu, na baada ya dakika 20 mashua ililala ubavu.

Tulikaa juu ya fungu hilo la mchanga kwa saa 6. Nilimwomba mzee radhi, akanijibu, "Basi, sasa pima vizuri, maana fungu lote limetoka nje." Tukafanya hivyo. Fungu lina urefu wa hatua 140, nyuma pana na mbele jembamba kama mkia wa samaki taa, nalo limeelekea chini ya mto. Upande wa nje, chini ya ukingo ulioliwa, kuna mfereji wa asili wenye upana wa hatua 20, na hata maji yalipofika mwisho wa kupwa, kama saa 7 mchana, kijana aliyevuka kwa mtumbwi wa mpita njia aliita pima 1 na nusu mfululizo. Maana yake ni kwamba njia ipo siku zote. Haihitaji kuchimbwa, inahitaji kuonekana.

Nikiwa pale niliwaeleza wenzangu habari ya mfereji niliousafiri kwa siku nne nilipokuwa masomoni Uingereza, uitwao Kennet and Avon, unaounganisha Reading na Bristol kwa njia ya maji yenye urefu wa kilomita zipatazo 140. Ulijengwa kwa ajili ya mizigo, reli ikaua biashara yake, sehemu zake zikakauka na kuvunjika, na ni mwaka 1990 tu ulipofunguliwa tena wote, baada ya kazi ya miaka mingi ambayo sehemu kubwa yake ilifanywa na watu wa kujitolea, waliokuja mwishoni mwa wiki wakiwa na sepeto na mikokoteni. Leo hupita boti za watu wanaotaka kutulia, kwa mwendo usiozidi kilomita 6 na kidogo kwa saa, kwa sababu sheria ya mifereji ya kule huweka mpaka huo ili mawimbi ya boti yasile kingo.

Mzee aliuliza swali moja, nalo lilikuwa zuri: hao waliokuja na sepeto walikuwa wenye boti au wenye ukingo? Nilimjibu kwamba walikuwepo wa kila namna, na kwamba kule mfereji ulikuwa umekwisha kuachwa na wafanyabiashara, kwa hiyo wenye boti za matembezi hawakumnyang'anya mtu riziki. Hapa hali ni tofauti. Mto huu haujaachwa; una nyavu, mitego ya kamba (wale wa kuliwa), mitumbwi ya nazi na wanawake wanaovuka kwenda shamba. Boti ya matembezi ni mgeni anayeingia nyumba yenye watu, na inampasa abishe hodi.

Maji yalirudi saa 9 alasiri. Mashua iliinuka yenyewe, tukapita upande wa nje.

Siku ya tano, Ijumaa

Asubuhi tulikwenda kwa gari hadi Hale kuangalia mahali ambapo mto unakatika. Hii ndiyo sehemu ambayo kila mtu anayefungua ramani huiuliza: kwa nini boti isitoke Pangani mpaka Korogwe?

Jibu liko kwenye mteremko. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Chini yake kuna kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani cha mwaka 1995, chenye megawati 68, ambacho hutumia anguko la maji la karibu mita 170. Maji hupitishwa kwenye mabomba, na sehemu ya mto wa zamani iliyobaki ni miamba. Sauti yake huifikia barabara kabla hujaona maji.

Kule Devizes, katika mfereji ule wa Uingereza, boti hupanda mlima kwa ngazi za maji, yaani vyumba vyenye milango miwili: boti huingia chini, mlango hufungwa, maji hufunguliwa kutoka juu mpaka boti inainuka, kisha mlango wa pili hufunguliwa. Ngazi hizo ziko 29 kwa kupanda mita 72, na zilitutwaa mchana mzima. Kwa hesabu hiyohiyo, anguko moja tu la hapa lingetaka ngazi karibu 70. Uskochi walijenga gurudumu huko Falkirk, lililofunguliwa mwaka 2002, linaloinua boti pamoja na maji yake na kuunganisha mifereji miwili, nalo huinua mita 24. Hapa tungehitaji magurudumu 7. Zaidi ya hayo, kila chumba cha maji kinachofunguliwa kwa ajili ya boti ni maji yasiyopita kwenye mtambo. Siwezi kumwambia mtu wa Tanga apunguze umeme wa hospitali ili mtu mwingine atembee kwa boti, na sitaki mpango wetu uhusishwe na wazo la namna hiyo hata kwa dakika moja.

Kuna mfano mwingine ambao naupenda zaidi. Ireland walichimba mfereji wa kuunganisha mito ya Shannon na Erne, ukafunguliwa mwaka 1860, na katika muda wa miaka kama kumi ukawa umeachwa, kwa kuwa boti hazikuja. Mwaka 1994 wakaufungua upya kwa ajili ya boti za matembezi, kilomita 63 zenye ngazi za maji 16, safari hii ukiunganisha maziwa na mito ambayo tayari ilikuwa na wapiga makasia, wavuvi wa kujifurahisha na nyumba za wageni pande zote mbili za mpaka wa Ireland na Ireland Kaskazini, na boti zikaja. Kazi ileile ya mikono ilishindwa mara ya kwanza na kufaulu mara ya pili, kwa sababu mara ya pili ncha zote mbili zilikuwa na watu.

Kwa hiyo nimeandika kwamba Pangani ya juu na Pangani ya chini ziunganishwe kwa barabara. Mtumbwi mwepesi wa makasia hupakiwa kwenye pikapu na watu wawili; panapohitajika ni mahali pa kuutoa majini juu ya maporomoko, mahali pa kuurudisha chini yake, na kibao cha Kiswahili kinachomwonya mtu akiwa bado mbali na miamba.

Kuhusu maji yenyewe, mwenye sauti ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambalo lilikuwa bonde la kwanza nchini kuwekewa ofisi yake, mwaka 1991. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hutanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, halafu maji ya kulinda mazingira, kabla ya matumizi mengine. Boti haili maji wala haiyanywi, lakini huelea juu ya yale yaliyobaki. Mwenye boti, mwenye minazi anayelalamikia chumvi na mvuvi wa kamba wote wanataka kitu kimoja, yaani mto ufike baharini ukiwa bado mto, na nadhani wakienda ofisini pamoja watasikilizwa kuliko kila mmoja akienda peke yake.

Siku ya sita, Jumamosi

Tulikutana Bweni baada ya sala ya alfajiri, chini ya mwembe, na watu 14: wavuvi, wawili kutoka kikundi cha usimamizi wa rasilimali za fukwe, mama yule wa samaki niliyemwona Jumanne, na mwenye shamba la minazi aliyevuka kwa mtumbwi wake. Nilisoma daftari kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa.

Walisikiliza habari ya Ireland kwa heshima, na habari ya fungu la mchanga kwa uangalifu mkubwa zaidi. Mvuvi mmoja alisema kwamba mwaka uliopita boti ya wageni ilikata jarife lake usiku na haikusimama. Mwingine akasema kwamba wavu usio na boya nao ni mtego kwa watu. Walibishana kwa muda, kisha wakakubaliana kuhusu mambo ambayo mimi nisingeyafikia peke yangu: kila wavu wa usiku uwe na boya jeupe, boti za matembezi zisipite baada ya magharibi, zikipita mahali penye mitumbwi ziende mwendo wa mtu anayetembea, na kila boti ichukue kiongozi kutoka kijiji kimojawapo cha ukingoni, kwa zamu iliyoandikwa.

Mama wa samaki alisema neno moja tu, kwamba ngazi za dikoni zikijengwa zisiwekewe lango la kulipia. Niliandika hilo kwa herufi kubwa. Mzee naye aliuliza mtu akimaliza mto huu aende wapi, akajijibu mwenyewe kwa kuonyesha kusini: Mkwaja, Saadani, halafu Mto Wami, ambako boti tayari hupeleka wageni kutazama viboko ndani ya hifadhi, kisha Bagamoyo. Kwa mashua nzuri na upepo wa kaskazi, alisema, ni njia ya kulala njiani mara moja au mbili, na mabaharia wa pwani hii wameifahamu tangu zamani. Milango ya mito imekwisha kuunganishwa na bahari. Kinachokosekana katikati ni madiko na taarifa za kina cha milangoni, kwa kuwa mafungu ya mlangoni huhama baada ya kila masika. Maombi ya madiko na ya alama za kudumu tutayapeleka wilayani na kwa shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, TASAC, yakiwa na saini za watu hawa.

Saa 7 mchana tulirudi kwenye fungu la Alhamisi tukiwa na nguzo tatu za mvinje, kila moja ya futi 14, zilizochongwa ncha na kupakwa chokaa nyeupe kichwani. Ni vigingi vya muda, kama vile wavuvi wanavyochomeka siku zote. Kijana alizishika, mzee akazigongomea kwa nyundo ya mti akiwa amesimama ndani ya mashua, nami nikashika daftari. Moja tuliisimamisha kwenye kichwa cha fungu, moja katikati ya ubavu wa nje, na moja kwenye mkia, kwa namna ambayo anayeshuka mto akiziacha zote upande wake wa kushoto atakuwa katika mfereji.

Maji ya leo hayakukupwa kama ya Alhamisi, kwa kuwa yanaelekea kuwa maji mafu, kwa hiyo nimeandika vipimo vyote viwili. Saa 8 na nusu, maji yakiwa yametulia, kijana alitupa bildi hatua tano nje ya kila kigingi. Kigingi cha kwanza: pima 2, mchanga. Cha pili: pima 2, mchanga na kombe. Cha tatu: pima 2 kasorobo, tope laini la kijivu. Kwa maji ya bamvua toa nusu pima katika kila kimoja, isipokuwa cha tatu, ambacho mzee anataka kukipima tena bamvua ijayo kabla sijaandika chochote kwa wino.